Kiingilio, Nauli na Kikapu cha Chakula

Mzazi anayepanga leo kuwapeleka watoto Disneyland, kule California, hakosi watu wa kumshauri namna ya kubana matumizi. Ataambiwa anunue tiketi mapema, akwepe sikukuu, alale hoteli ya mbali na abebe maji yake. Ushauri huo una manufaa, ila umejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra kuhojiwa: kwamba gharama ya matembezi ya familia inategemea werevu wa familia yenyewe. Historia ya viwanja vya burudani inasema vingine. Tangu karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, familia za wafanyakazi wa Uingereza na Marekani zilimudu matembezi haya kwa sababu unafuu ulikuwa umeandaliwa nje ya nyumba zao. Ulikuwamo katika nauli, katika vyama vya akiba vya kiwandani, na katika tiketi zilizouzwa mojamoja kwa senti chache. Nguzo hizo zilipoondolewa moja baada ya nyingine, baba na mama waliachiwa mzigo ambao zamani ulibebwa na wengi.

Tuanze Blackpool, mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Reli ilifika hapo mwaka 1846, na kabla karne hiyo haijaisha wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire walikuwa wakimiminika huko kila kiangazi. Kila mji wa viwanda ulikuwa na juma lake la mapumziko, ambapo mitambo ilizimwa na karibu mji mzima ukasafiri. Mapumziko hayo hayakuwa na mshahara. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa mwaka 1938 tu. Kwa hiyo familia ilihitaji fedha ya safari na pia fedha ya kufidia juma zima lisilo na kipato. Jibu lao likawa vyama vya akiba vya safari, vilivyoanzishwa viwandani, makanisani, kwenye vilabu vya pombe na mitaani. Mwanachama aliweka kiasi kidogo kila wiki mwaka mzima, na akiba yote ikatolewa juma la mapumziko lilipokaribia. Vilifanana kidogo na upatu wa kwetu, isipokuwa hapakuwa na zamu: kila mtu alichukua chake wakati mmoja na wenzake. Hata malazi yalipangwa kwa namna ya kumlinda mwenye mfuko mdogo. Katika nyumba nyingi za wageni, familia ililipia chumba tu, ikajinunulia nyama na mboga, na mama mwenye nyumba akawapikia. Uwanja wa Pleasure Beach, ulioanzishwa mwaka 1896, ulikuta mji ambao tayari ulikuwa na wateja waliokuja na fedha taslimu iliyokusanywa senti kwa senti.

Ng'ambo ya bahari, Coney Island ya Brooklyn ilifuata njia nyingine, na hapa ndipo ushahidi ulipo mwingi zaidi. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua pale reli yake ya kupanda na kushuka, na kila safari ilitozwa senti 5. Mwaka 1895 Paul Boyton akazungushia ua uwanja wake na kutoza kiingilio, na miaka miwili baadaye George Tilyou akafungua Steeplechase Park, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 iliuza kwa senti 25 tiketi moja ya michezo yote. Luna Park ya mwaka 1903 ilitoza senti 10 mlangoni, kisha kila mchezo kwa bei yake. Kwa hiyo namna zote tatu za kutoza tunazozijua leo zilikuwapo kabla ya mwaka 1905, mtaa mmoja, zikishindania wateja walewale. Mgeni aliyeona Luna Park ni ghali alivuka barabara. Kisha mwaka 1920 treni ya mjini ikafika Coney Island kwa nauli ya senti 5, nauli ambayo haikupandishwa hadi mwaka 1948. Familia za wahamiaji kutoka vyumba vya msongamano vya Manhattan zilianza kuja kwa wingi usio na kifani, na Jumapili za joto kali umati ulikadiriwa kufikia watu milioni moja. Nathan Handwerker, aliyekuwa amefungua kibanda chake mwaka 1916, aliuza soseji ndani ya mkate kwa senti 5 wakati mkahawa mkubwa wa jirani ulitoza senti 10. Wasiotaka kununua hata hiyo walibeba chakula kutoka nyumbani, na wengi walivaa nguo za kuogelea chini ya nguo za kawaida wasije wakalipia chumba cha kubadilishia. Werevu wa familia ulikuwapo, naam, lakini ulifanya kazi ndani ya mazingira yaliyouruhusu. Bahari haikuwa na mlango, na mama angeweza kusema "basi, inatosha" baada ya senti 10 na siku ikaendelea.

Huko bara, kampuni za tramu za umeme zilijenga viwanja mwisho wa njia zao ili zipate abiria wa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo magari yalikwenda karibu matupu. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianzishwa hivyo mwaka 1898, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kwenda kula mlo wa nje kwenye nyasi. Kampuni ilipata faida yake kwenye nauli, hivyo haikuona hasara mtu akija na kikapu chake.

Lazima niseme wazi jambo ambalo wapenzi wa enzi hizo husahau. Unafuu huo haukuwa wa wote. Viwanja vingi vya Marekani viliwafungia mlango Wamarekani Weusi, hata pale kiingilio kilipokuwa bure. Glen Echo, nje ya Washington, haikuwapokea hadi mwaka 1961, baada ya maandamano ya mwaka uliotangulia. Gwynn Oak ya Baltimore ilifunguliwa kwa wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile ya maandamano makubwa ya Washington. Ubaguzi huo ni doa ambalo hakuna hoja ya bei inayoweza kulifuta. Hata hivyo haufuatani na senti 5. Watu walipigania kuingia palepale penye bei ndogo, na walistahili kuikuta bado ipo.

Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955, ilisimama juu ya msingi tofauti. Mtafiti Harrison Price alikuwa amependekeza Anaheim kwa sababu barabara kuu mpya ya magari ingepita karibu. Mgeni alifika kwa gari lake na kulipa senti 25 za maegesho, kisha dola 1 ya kiingilio kwa mtu mzima na senti 50 kwa mtoto, kisha kila mchezo peke yake. Miezi michache baadaye vikaja vitabu vya tiketi zilizopangwa kwa herufi, A kwa michezo midogo, na kufikia mwaka 1959 E kwa ile iliyogombewa. Kwa thamani ya fedha ya leo, dola ile moja ni kama dola 12 hivi. Mwanauchumi Walter Oi aliandika mwaka 1971 makala iliyotumia Disneyland kama mfano wa swali gumu: mwenye uwanja atoze zaidi mlangoni au ndani? Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba asiye na mshindani hunufaika akitoza kiingilio kikubwa na kupunguza bei ya ndani, kwa kuwa mlangoni anaweza kuchukua sehemu kubwa ya furaha ambayo mteja angebaki nayo bure. Six Flags Over Texas ilikuwa imekwisha kuonyesha njia mwaka 1961 kwa bei moja ya dola 2.75 kwa mtu mzima, na mwaka 1982 Disneyland nayo ikaachana na vitabu.

Kuna wanaotetea bei moja, na hoja yao ina uzito. Familia ilijua mapema itatumia kiasi gani. Hapakuwa tena na ugomvi na mtoto mbele ya kila bembea, wala tiketi za A zilizobaki bila kazi kwenye droo. Ninakubali kwamba kwa miaka kadhaa hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Lakini yalitegemea sharti moja ambalo halikuandikwa popote, kwamba ukishalipa mlangoni foleni ni moja kwa wote. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, nafasi ya kuruka foleni iliyotolewa bila malipo. Mwaka 2021 nafasi hiyo ikawa ya kununuliwa, kwa dola 15 kwa mtu kwa siku huko Florida na dola 20 California, na kwa baadhi ya michezo kuna malipo ya pembeni. Tangu mwaka 2016 tiketi ya siku moja nayo inabadilika bei kulingana na tarehe. Oktoba 2024 bei ya juu kabisa Disneyland ilifikia dola 206, yaani watu wazima wawili walilipa dola 412 kabla hawajawahesabu watoto. Kwa hiyo familia imerudishiwa vipande vidogo vya enzi ya vitabu bila kurudishiwa kiingilio kidogo cha enzi hiyo. Na anayebanwa zaidi na bei ya tarehe ni mzazi ambaye likizo yake hupangwa na shule na mwajiri, si yeye.

Wengine husema mishahara imepanda na michezo ya leo ni ya ajabu kuliko reli ya Thompson. Ni kweli, na mitambo hiyo ina gharama kubwa. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini babu na bibi wasiopanda chochote watozwe sawa na kijana anayepanda kila kitu. Huko Elysburg, Pennsylvania, Knoebels imekuwa ikiendeshwa tangu mwaka 1926 bila kiingilio na bila ada ya maegesho, tiketi zinauzwa kwa mchezo, na mtu anakaribishwa na chakula chake. Mtu atajibu kwamba hicho ni kiwanja cha familia moja, mashambani. Basi tuitazame Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843 na ambayo leo iko katikati ya jiji la Copenhagen. Ina mlango na ina kiingilio, lakini hadi leo michezo hulipiwa kando, na bibi aliyekuja kuwatazama wajukuu wakizunguka kwenye mabembea halipii bembea asiyoipanda.