Wanaolala Chomboni

Sisi wa Lubondja ni watu wa milimani, lakini ziwa si geni kwetu. Ndagala wakavu tunaokula wametoka humo, na vijana wetu wengi wameteremka Fizi na Baraka kutafuta kazi majini. Mmoja amekuwa baharia wa mashua ya mbao yenye mota, mwingine anavua usiku kwa taa. Wazazi wakiulizwa mtoto wao analala wapi siku hizi, hujibu: “Analala chomboni.”

Wasomaji wapenzi, jibu hilo si dogo. Tangu zamani wamekuwako watu ambao mahali pao pa kazi na mahali pao pa kulala ni pamoja, nayo maji yanapita chini yao. Lakini si wote wanaoishi namna moja. Baharia mmoja huacha mke na watoto nchi kavu, na mwingine huwachukua wote chomboni pamoja na sufuria na matandiko. Kwa nini? Wengi husema ni desturi tu, ama ni watu wanaopenda maji. Historia yatuonyesha jambo jingine: linaloamua zaidi ni jinsi mtu anavyolipwa. Na tuiangalie basi historia hiyo.

Meli ya ziwa letu

Tuanze na chombo tunachokifahamu. Meli iitwayo Liemba ilijengwa na Wadachi katika mji wa Papenburg mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Götzen. Kisha ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo ikapandishwa kwa reli kuelekea Kigoma. Mafundi wakaiunga tena, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikatwaliwa na adui zao. Ila kwanza walizipaka injini zake mafuta mazito zisiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ndilo jina la kale la ziwa hili kwa watu wa upande wa kusini.

Kwa miaka mingi sana baada ya hapo meli hiyo ilisafiri kutoka Kigoma hata Mpulungu, katika nchi iitwayo leo Zambia, na kurudi. Vijiji vingi vya njiani havina gati. Meli ilisimama mbali, na mitumbwi ilitoka pwani kuchukua watu na mizigo, mchana au usiku wa manane. Kwa hiyo nahodha, mafundi wa injini, wapishi na mabaharia wengine hawakuweza kwenda kulala kwao jioni kama karani wa ofisi. Walilala melini kwa zamu, walikula melini, walifua nguo zao melini. Siku zote za safari meli ndiyo iliyokuwa nyumba yao.

Lakini tazameni: wake zao hawakuwamo, wala watoto wao hawakuwamo. Walikuwa mjini, watoto walikwenda shule, na baba alirudi meli iliporudi. Sababu yake ilikuwa nini? Meli hiyo ilikuwa mali ya shirika la reli, na mabaharia wake walikuwa watumishi wa mshahara. Mshahara wa mwezi hulipa kodi ya nyumba hata kwa siku ambazo mwenyewe hakulala ndani yake. Mwenye mshahara wa namna hiyo aweza kuwa na maskani mbili: kitanda chembamba melini, na mlango wake mwenyewe nchi kavu.

Watu wengi wa Fizi na Uvira wanaikumbuka Liemba kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1997 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia kuwarudisha ndugu zetu zaidi ya 75,000 waliokimbilia Tanzania. Katika miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Abiria walishuka wakatafuta njia ya kwao. Mabaharia wakageuza meli wakaenda kuchukua wengine. Waliorudi makwao walibebwa na watu waliokuwa mbali na nyumba zao wenyewe.

Mashua nyembamba za Waingereza

Sasa twende mbali kidogo, mpaka Uingereza, kwa maana huko ndiko kulikokuwa na watu waliohamia chomboni jamaa nzima, na habari zao zimeandikwa vizuri.

Mwaka 1761 mtemi mmoja wa Kiingereza, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji wa kuchukua makaa ya mawe kutoka machimbo yake ya Worsley hata mji wa Manchester. Wengine walimfuata, na kwa muda wa miaka sabini hivi mifereji ilichimbwa sehemu nyingi za nchi. Pale ardhi inapopanda, walijenga malango mawili: mashua inaingia katikati, maji yanaongezwa, nayo inainuliwa hata usawa wa juu. Malango mengi ya katikati ya nchi yalijengwa membamba ili kupunguza gharama. Basi mashua nazo zilikuwa nyembamba, upana wa mita 2 na kidogo tu, lakini urefu wake mita 21. Farasi alitembea ukingoni akiivuta kwa kamba, nayo ilichukua tani 25 na zaidi.

Hapo mwanzo watu wa mashua hizo walikuwa wanaume na vijana, na wengi walikuwa na nyumba zao vijijini. Halafu ikaja reli. Njia ya reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na katika miaka iliyofuata reli zikaenea kote zikinyang’anya mifereji mizigo yake. Wenye mifereji wakapunguza bei, na mwenye mashua ndiye aliyeumia. Yeye hakulipwa kwa mwezi. Alilipwa kwa tani na kwa safari. Akingoja mzigo wiki nzima hapati kitu. Atalipaje kodi ya nyumba? Atamlipaje kijana wa kumsaidia? Basi akaifunga nyumba yake, akamwita mkewe ashike usukani, na mtoto mkubwa atembee na farasi. Ujira ulikuwa wa mtu mmoja, kazi ikawa ya watu wanne.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashua, urefu wake mita 3 tu, kwa kuwa nafasi yote iliyobaki ilikuwa ya mzigo. Humo mlikuwa na jiko la chuma, kabati ambalo mlango wake uliangushwa ukawa meza, na kitanda kilichokunjuliwa usiku na kukunjwa alfajiri. Tusidhani kwamba watu hao walikuwa wachafu au wavivu. Walipaka mbao zao picha za maua na ngome, wakasugua shaba mpaka ing’ae, na walijivunia nyumba yao kama mtu wa kwetu anavyojivunia ua uliofagiwa.

Lakini walilipa kwa namna nyingine. Mashua haikai mahali pamoja siku mbili, basi mtoto atasoma wapi? Wengi walikua bila kujua kuandika majina yao. Mtu mmoja jina lake George Smith, wa Coalville, ambaye utotoni alikuwa amebeba udongo katika viwanda vya matofali, aliandika na kupiga kelele kwa ajili yao. Mwaka 1877 ikatoka sheria: kila mashua inayokaliwa na watu iandikishwe katika mji fulani, idadi ya watakaolala ndani iwe na mpaka, na mtoto wa mashua ahesabiwe kuwa mtoto wa mji ule kwa ajili ya shule. Mwaka 1884 sheria hiyo ikaongezewa nguvu. Ilikuwa sheria njema, lakini mashua ilifika mara chache tu katika mji wake ulioandikwa. Jina la mtoto lilikuwa la mji, na mtoto mwenyewe alikuwa njiani pamoja na farasi.

Waliosaidia zaidi ni wale walioteremka ukingoni. Miaka ya 1930, karibu na London, jahazi moja kuukuu lilifanywa shule, na watoto walisoma humo siku ambazo baba zao walingojea mizigo. Katika kijiji cha Stoke Bruerne muuguzi mmoja, Mary Ward, aliwatibu watu wa mashua kwa miaka mingi katika nyumba yake iliyo kando ya mfereji. Hakuwauliza kwanza wao ni wa mji gani.

Mwaka 1948 mifereji mingi ikawa mali ya serikali. Kisha majira ya baridi ya mwisho wa 1962 na mwanzo wa 1963 yalikuwa makali mno. Maji yaligeuka barafu, mashua zikakwama wiki nyingi, na mwaka huo wa 1963 serikali ikaacha sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuchukua mizigo. Jamaa nyingi zikahamia nchi kavu.

Kumbe mambo hayakuishia hapo. Leo mashua nyembamba zimejaa watu tena, ila kazi yao haimo chomboni. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni karani: asubuhi anafunga mlango wa mashua, anapanda treni, anakwenda kazini kama wenzake. Wako wanaopenda maisha hayo kwa hiari yao, na wako wengi walioingia kwa sababu kodi ya nyumba katika mji kama London imeushinda mshahara wao. Asiye na mahali pake pa kudumu pa kufunga mashua anabanwa na sheria ya mwaka 1995: kwa kawaida asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Basi Jumamosi anahama na nyumba yake, na Jumatatu anatafuta njia mpya ya kufika kazini. Hapa tena fedha ndiyo iliyosema mtu alale wapi.

Mto wetu mkubwa

Turudi kwetu Kongo. Tangu mwaka 1881, Stanley alipoelea juu ya mto kwa meli ndogo ya moshi iitwayo En Avant, mto umekuwa barabara ya nchi. Kisha liliundwa shirika la Otraco, ambalo baadaye likaitwa Onatra. Meli zake kubwa zilisukuma matishari yaliyofungwa pamoja, kutoka Kinshasa hata Kisangani, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi.

Katika safari moja ungeona namna zote mbili tulizozisema. Wanamaji wa shirika walikuwa na mshahara, na kila mmoja alikuwa na kitanda chake. Lakini juu ya matishari walikaa wafanya biashara, akina mama kwa watoto wao, wiki baada ya wiki. Mama hana mshahara. Riziki yake ni tofauti kati ya bei ya chumvi aliyoichukua na bei ya samaki wa moshi anaowanunua njiani. Kwa hiyo tishari likawa duka, jiko, kitanda na mahali pa kulea mtoto. Siku hizi wengi husafiri kwa mashua za mbao ziitwazo balenieri, ambazo hazina hata vitanda, na mara nyingi twasikia habari za zile zilizozama kwa kujazwa kupita kiasi.

Neno kwetu sisi

Haya yote yanatuhusu. Mvuvi wa ndagala huingia ziwani usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Halipwi kwa mwezi. Hulipwa fungu la samaki. Kwanza hutolewa mafuta na sehemu ya mwenye chombo, na kinachobaki ndicho hugawanywa. Ziwa likinyima, fungu ni dogo, na fedha haipandi mlimani. Hapo ndipo kijana anapoona ni heri kumwita mkewe kambini, kisha mtoto wake wa kiume. Mtoto anaanza kwa kuteka maji yaliyoingia chomboni kwa kopo, na kazi hiyo haimzuii kusoma siku ya kwanza. Baada ya miezi mitatu jina lake bado limo katika daftari ya mwalimu, lakini dawati lake ni tupu, sawasawa na watoto wale wa mifereji.

Basi kijana akiaga kwenda ziwani, tusimwulize tu atalala wapi. Tumwulize atalipwaje, siku gani, na nani. Ninyi wenye vyombo, patana na watu wenu sehemu ya fedha ya kudumu, hata ikiwa ndogo, maana fedha inayojulikana ndiyo inayoshika nyumba. Na sisi tunaobaki milimani, mtoto wa ndugu yetu akiachwa kwa nyanya yake asome, tusimhesabu mgeni wala mzigo. Baba anaweza kulala chomboni miaka mingi bila kupotea, mradi mlango wake huku juu unafunguliwa kila asubuhi, na mtoto anatoka akiwa na daftari mkononi.