Mashona nguo na ndugu zake: Namna ya kuitambua mimea inayofanana

MTU anayekatiza kwa miguu katika viwanja vya wazi mjini Tunduma mvua zinapokaribia kwisha, hufika nyumbani suruali yake ikiwa imejaa vijiti vyeusi vilivyong'ang'ania kitambaa. Vijiti hivyo ni mbegu za mmea uitwao mashona nguo, au kishona nguo, ambao wengi hudhani kuwa ni wa aina moja tu.

Ukweli ni kwamba jina hilo hubeba spishi kadhaa zinazofanana, zote za jenasi Bidens, katika familia moja na alizeti na pareto. Kuzitofautisha si kazi ya wataalamu peke yao. Majani yake machanga huchumwa na kupikwa kama mboga, na mkulima huupalilia mmea huo huo kama gugu. Aidha, katika familia hiyo hiyo yumo ndugu wa mbali aitwaye gugu karoti, ambaye ni hatari kwa watu na mifugo.

Ua ambalo ni maua mengi

Kinachoonekana kama ua moja katika mimea hii kwa hakika ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Yale ya katikati ni membamba na ya njano. Ya pembeni, kama yapo, ndiyo hutoa kile tunachokiita petali. Kwa kuwa petali huweza kukosekana kabisa, anayetegemea rangi peke yake hupotea. Ni lazima kutazama pia majani na mbegu.

Aina tatu za mashona nguo

Bidens pilosa ndiyo inayojulikana zaidi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na mwanasayansi wa Sweden, Carl Linnaeus, aliipa jina hilo la kitaalamu mwaka 1753. Jani lake kwa kawaida limegawanyika vipande 3 hadi 5 vyenye kingo za msumeno. Petali, zinapokuwapo, mara nyingi ni nyeupe. Mbegu ina miiba 2 au 3 kichwani, yenye vindoana vinavyoelekea nyuma. Ndiyo maana huingia katika nguo kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000.

Bidens biternata huchanganywa nayo mara kwa mara. Jani lake limegawanyika zaidi, vipande 5 hadi 9, na vile vya chini huweza kugawanyika tena vitatu vitatu. Petali zake ni fupi na za njano, na mbegu zake ndefu kwa kawaida huwa na miiba 3 au 4.

Bidens schimperi, mmea wa asili wa Afrika, hujitambulisha kwa petali pana za njano zinazoonekana kutoka mbali.

Tahadhari ya gugu karoti

Gugu karoti, yaani Parthenium hysterophorus, liliripotiwa nchini mwaka 2010 mkoani Arusha. Likiwa changa hulaza majani yake ardhini kwa mduara, nayo hufanana na ya karoti. Mashona nguo halifanyi hivyo. Likikua huwa na shina lenye mifereji, na vichwa vya maua vyeupe vidogo sana vyenye pembe tano. Mbegu zake hazina miiba. Gugu hili huwasha ngozi, huchochea pumu, hupunguza mavuno na kuharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe waliolila.

Mbegu hizo nyepesi husafiri katika tope la magurudumu, nafaka na malisho. Tunduma, palipo mpaka na Zambia, hupitiwa na malori ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam pamoja na reli ya TAZARA. Mji wa namna hiyo, na mashamba ya Momba na Mbozi yanayouzunguka, hauna budi kuwa macho.

Anayechuma mboga asichume kando ya barabara wala mahali palipopuliziwa dawa, na asichume mmea ambao hajauona ukiwa na ua au mbegu. Anayetaka uhakika wa spishi ya mashona nguo na achukue tawi lenye majani ya chini, maua na mbegu zilizokomaa, alikaushe kati ya kurasa za gazeti na kulipeleka kwa ofisa ugani. Hifadhi ya Taifa ya sampuli za mimea iko Arusha.

Kwa gugu karoti hali ni tofauti: lisishikwe kwa mikono mitupu wala kusafirishwa likiwa na mbegu. Lipigwe picha, kisha ofisa ugani au wakaguzi wa afya ya mimea wapewe taarifa mapema, kabla halijachanua.