Nani Kampa Nesi Habari?

Pwani, mtoto akizaliwa habari hujipeleka yenyewe. Kabla mzazi hajarudi kutoka hospitali, shangazi keshatwanga pilipili manga ya uji, bibi keshafunga mzigo wake wa nguo, na mkandaji, yule mama mtu mzima ambaye mtaa mzima unaijua mikono yake, keshaambiwa maji yatachemka saa ngapi. Siku arobaini mzazi hapiki, hafui, hatoki. Ratiba hiyo haijaandikwa popote, na bado ni nadra zamu kukosa mtu.

Uholanzi wanayo arobaini yao, fupi, ila wameikabidhi kwa bima ya afya. Huiita kraamzorg. Mimba ikiwa bado changa, familia hujiandikisha kwenye shirika la wahudumu wa wazazi. Uchungu ukianza hupigwa simu, na mtoto akishazaliwa mhudumu hupiga hodi kila siku kwa siku nane hadi kumi, jumla ya saa zisizopungua 24 na zisizozidi 80. Humwelekeza mama kunyonyesha, hupima joto, hutazama kitovu, hufua, huwaangalia na wale watoto wakubwa. Kitanda cha mzazi sharti kiinuliwe kwa vigogo hadi kimo cha sentimita 70 au 80, mhudumu asije akavunjika mgongo. Kanuni hiyo naipenda. Kwetu nani amewahi kuulizia mgongo wa mkandaji?

Ninalolionea wivu zaidi ni daftari. Joto la asubuhi, nepi zilizolowa, mara ngapi mtoto amenyonya, yote huandikwa humo, na mkunga akipita siku ya tatu au ya tano hulisoma. Bibi zetu huyajua hayo yote pia, ila wameyaweka kichwani, na kichwa cha bibi hakisafiri kwenda zahanati.

Marekani bibi huenda anaishi jimbo jingine, saa tano kwa ndege. Katika kaunti ya Durham, North Carolina, walianzisha mpango wa nesi kumtembelea kila mtoto mchanga, wa tajiri na wa maskini. Miadi hupangwa mama angali wodini, na nesi huja mtoto akiwa na wiki tatu hivi. Hukagua mambo 12, kuanzia afya ya mtoto hadi usalama wa mama mwenyewe nyumbani, kisha huiunganisha familia na huduma inayohitaji: kliniki, ushauri nasaha, chekechea. Walipotaka kujua kama inafaa kitu, walifanya jambo la werevu. Kati ya Julai 2009 na Desemba 2010, waliozaliwa tarehe shufwa walipewa nesi, wa tarehe witiri hawakupewa. Watoto walikuwa 4,777. Katika familia zilizofuatiliwa, wale wa shufwa walitumia huduma ya dharura kama nusu tu ya wenzao katika mwaka wao wa kwanza. Nesi anayekuja kwa saa chache tu hawezi kufanya hayo peke yake. Nyuma yake palikuwa na orodha ya mahali pa kupeleka kila tatizo, na mtu wa kupokea simu huko.

Hapo ndipo ninapoikumbuka mikoa ya Lindi na Mtwara. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza mwaka 2009 mtoto atembelewe siku ya kwanza na ya tatu, na ikiwezekana tena kabla ya wiki kwisha. Karibu na wakati huo, mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga uliwatuma wanawake wa kujitolea katika wilaya sita za mikoa hiyo, kusini mwa Tanzania, nyumba kwa nyumba, wakiwa na kadi yenye mchoro wa unyayo: mguu wa mtoto ukiwa mfupi kuliko mchoro, huyo ni mdogo mno, anahitaji kukumbatiwa ngozi kwa ngozi au kupelekwa hospitali. Mazoea kadhaa ya nyumbani yalibadilika kweli. Vifo havikuonekana kupungua. Gadchiroli, India, wanawake wa vijijini waliofundishwa na madaktari Abhay na Rani Bang walivipunguza zaidi ya nusu, lakini wale walikuwa na sindano ya dawa mkobani na ruhusa ya kuichoma. Hawa wetu walikuwa na kadi na maneno mema.

Kwa hiyo siwezi kuisifu arobaini bila kinyongo. Chumba chake kina mapazia mazito, na manjano ya mtoto hayaonekani gizani. Maji ya kukanda yamewahi kuunguza. Watu wapo tele, tena kwa siku nyingi kuliko bima yoyote ingekubali kulipia, ila asiyejua habari ni nesi wa zahanati. Huja kuzipata kadi ya kliniki ikifunguliwa, pengine baada ya wiki kadhaa.

Na mkandaji ndiye anayeishika miguu ya mzazi kila asubuhi. Akiona uvimbe wa leo umezidi wa jana, humwambia mama mkwe. Namba ya nesi hana, na nesi hana yake.