Haki ya Punda Aliyezeeka

Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Lamu, kuna punda mmoja asiye na jina. Anatajwa kwa maneno machache tu ndani ya Fat-hul Muin, kitabu alichokiandika Sheikh Zainuddin wa Malabar, kusini-magharibi mwa India, katika karne ya 16, na ambacho kimesomwa tangu hapo na Mashafi wa pande zote za Bahari ya Hindi. Punda huyo ana maradhi yasiyopona. Kazi hawezi tena. Sheikh anamtolea mfano wa mnyama asiyeliwa, ambaye ni haramu kumchinja hata kama nia ni kumpumzisha.

Angeweza kumtaja paka au tumbiri, maana nao hawaliwi. Alimtaja punda, na nadhani ni kwa sababu msomaji wake, awe Calicut, Hadhramaut au Lamu, alimjua mnyama huyo: amebeba mizigo ya mji mpaka kwato zikapinda, sasa amelala ubavu nyuma ya nyumba, na mwenyewe amesimama karibu hajui la kufanya.

Mimi nilimwona punda wa namna hiyo nyumbani kwa babu yangu mzaa mama, mtaa wa Langoni mjini Lamu. Babu alikuwa mwenye punda, na baba yake kabla yake. Mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, boriti za mikoko zilizoshushwa kutoka majahazini, vyote vilipita vichochoro ambavyo gari haliingii, vikiwa ndani ya shogi za miyaa au vimefungwa juu ya mgongo, punda mmoja nyuma ya mwenzake. Mji wetu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni huja kutazama nyumba na milango ya nakshi. Mimi nikizipita nyumba hizo nayaona mawe yakipanda kutoka ufukweni, mzigo baada ya mzigo.

Kuna methali isemayo punda afe, mzigo wa bwana ufike. Babu hakupenda isemwe mbele yake. Kijana akirudi na punda kutoka bandarini, jambo la kwanza alilosikia mlangoni lilikuwa, “Mpe mai kwanda,” yaani mpe maji kwanza. Hesabu ya fedha ilikuja baadaye.

Punda wake mkubwa aliitwa Shamsa. Meno yalipomwishia, akawa anatafuna majani na kuyatema yakiwa vidonge vilevile, babu alimvua shogi na hakumvika tena. Bibi akawa anamlowekea pumba za mahindi mpaka zilainike kama uji. Mwishoni miguu ya nyuma ilikataa. Wajomba zangu walimjengea kivuli cha makuti pale pale alipolala, wakawa wanamgeuza ubavu huu na ule asichubuke, mchana na usiku, huku sisi watoto tukipewa zamu ya kumfukuzia nzi na kumtilia maji mdomoni kwa kopo. Jirani mmoja alisema ni kupoteza pumba. Bibi akamjibu kwamba pumba hizo ni mshahara wake Shamsa, umechelewa kulipwa.

Alipokufa, mwanawe Zuhura alikuja akasimama juu yake. Alimnusa masikio na tumbo, akaondoka, akarudi. Watu walikuwa wamekwisha kuleta kamba wamkokote maiti hadi shambani kwenye shimo, lakini babu akawazuia wamwache Zuhura aage kwanza. Jua likapanda, watu wakasubiri, na wengine wakanung’unika. Hatimaye Zuhura mwenyewe akageuka akaenda kula majani, ndipo kamba ikafungwa.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba madaktari wa punda wanashauri jambo hilo hilo. Punda hushikamana wawili wawili, na mmoja akiondolewa ghafla aliyebaki humtafuta, hulia, na anaweza kususa chakula. Kwa punda, kususa chakula ni hatari kubwa. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini hufurika kwenye damu, ini hulemewa, na mnyama aliyekuwa mzima anaweza kumfuata mwenzake ndani ya siku chache. Kwa hiyo hushauriwa aachwe na maiti mpaka aondoke kwa hiari yake. Babu hakuwa amesoma popote kuhusu mafuta na ini. Alikuwa amewatazama punda maisha yake yote.

Nasema haya kwa sababu historia ya huruma kwa punda wa Lamu mara nyingi huanzwa mwaka 1987, ilipofunguliwa zahanati ya punda pale ufukoni. Mwaka huo unastahili heshima, na nitaueleza. Lakini huruma yenyewe ni kongwe kuliko hapo, na katika bara hili ni kongwe kupita kiasi tunachofikiri. Huko Abydos, Misri, wachimbuzi walifukua mifupa ya punda kumi waliozikwa kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, karibu na jengo la ibada za maziko la mmoja wa wafalme wa mwanzo kabisa. Walilazwa miili ikiwa kamili katika makaburi ya matofali ya udongo, na mifupa yao ilikuwa na alama za kulika kwa kubeba mizigo. Walikuwa punda wa kazi, na wakapewa makaburi kando ya jengo la mfalme.

Zahanati ya Lamu ilitokana na Mwingereza mmoja, Elisabeth Svendsen wa Devon, aliyeanza na punda mmoja jike mwaka 1969. Mwaka 1974 aliachiwa kwa wosia punda zaidi ya 200 wa mtu mwingine, akawapokea. Shirika lake, The Donkey Sanctuary, lilipofika kwetu lilikuta kisiwa chenye punda wengi na minyoo mingi, likaanza na dawa ya minyoo, bure. Kisha kusugua meno yaliyochongoka, kukata kwato, kuosha vidonda vya mgongoni. Ndani ya ua wake wakapata pa kukaa punda wagonjwa na wazee. Wenye punda walizoea haraka, maana waliona mnyama aliyekuwa amekatiwa tamaa akirudi nyumbani kwa miguu yake. Babu alikuwa miongoni mwa waliobisha hodi mapema, na nilimsikia akilaumu kitu kimoja tu, kwamba Shamsa hakuiwahi.

Sasa nirudi kwa punda wa Sheikh Zainuddin, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Daktari wa mifugo wa leo, akiona maumivu hayana mwisho, huwa na sindano. Wamaliki nao, watu wa madhehebu mengine ya Kisunni, katika kitabu cha mwanachuoni wao Khalil, wanaruhusu kumchinja mnyama asiyeliwa akiwa amekatiwa tamaa. Mashafi wamekataza. Nimewasikia vijana wakisema katazo hilo ni ukatili, na siwezi kuwapuuza, kwani nimesikia punda akikoroma kwa maumivu ya tumbo lililojaa mifuko ya plastiki aliyoiokota jalalani, na usiku ule nilitamani awepo mtu mwenye sindano. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini taka hazikwisha.

Hata hivyo katazo halikuwa peke yake. Miaka 300 kabla ya Zainuddin, Shafi mwingine, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliandika orodha ya haki za wanyama juu ya wanadamu. Ya kwanza ni kumlisha mnyama hata akizeeka au akiugua ugonjwa ambao hautarajiwi tena kuleta faida yoyote. Nyingine ni kutombebesha asichoweza, na kutochinja watoto wake mbele ya macho yake. Amri hizi mbili zinategemeana. Usimuue, na ulipie pumba zake. Mtu anayeshika ya kwanza akaiacha ya pili, akamfungulia punda mzee ajitafutie jalalani, hawezi kujikinga nyuma ya Zainuddin. Huyo ndiye ninayemlaumu kuliko mwenye sindano.

Baadaye ikaja njia nyingine ya kumaliza punda mzee, ambayo babu hakuijua. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya bara, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Punda aliyekuwa amekwisha kazi akawa na bei, na wezi wakajua njia za usiku. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 Kenya, na ya mwaka 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikatengua mwaka uliofuata, kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Ngozi ikizuiwa, bado kuna pikipiki. Zimekwisha kuingia kisiwani, na njia ya kijiji cha Shela inazisikia. Sizikatai, kwani mjamzito anayekimbizwa hospitali hawezi kungoja punda. Ila kila pikipiki inayonunuliwa inaacha nyuma yake punda ambaye bado ana miaka ya kuishi, maana akitunzwa vyema aweza kupita miaka 30, na mwenyewe hana tena sababu ya kibiashara ya kumlisha. Zahanati moja haiwezi kuwabeba wote hao.

Mustafa al-Siba'i, mwanachuoni wa Syria, aliandika kwamba Damascus ilikuwa na uwanja wa majani, al-Marj al-Akhdar, uliowekwa wakfu kwa wanyama waliochoka kazi, wakilishwa humo mpaka wafe. Lamu tunaujua wakfu. Tuna misikiti, visima na mashamba ya minazi yaliyowekwa na wazee kwa ajili ya watu wasiowajua. Nimekwisha kuwaeleza ndugu zangu kuhusu lile shamba la babu, alikozikwa Shamsa, ambalo tumerithi na hakuna anayelilima. Lina kisima cha maji matamu na kivuli cha miembe. Ndugu watatu wamekubali liandikwe wakfu wa punda wazee. Wa nne anataka kwanza ajue nani atalipia majani wakati wa kiangazi, na swali lake ni la haki, kwa hiyo tumeanza kwenda kwa wenye pikipiki, nyumba kwa nyumba.