Mkono wa Kibarua Una Bei Gani?

Bila shaka, ewe msomaji, umepata kumwona kijijini kwenu au mtaani kwenu mtu mzima aliyekatika vidole au mkono, naye ukimwuliza yaliyompata hukujibu kwa maneno mawili tu: "Ni mashine." Mtu huyo hakuumia vitani, wala hakushikwa na mamba mtoni. Aliondoka kwake alfajiri akiwa mzima, akaenda kuwatafutia watoto wake riziki, akarudi amepungukiwa na kiungo. Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, nao walisema kweli. Lakini neno hilo halimalizi mambo. Mkono ukisha kukatika, swali hubaki: ni nani atakayewalisha watoto wa mtu huyu? Je, ni yeye mwenyewe kwa mkono mmoja? Je, ni jamaa zake? Au ni yule tajiri ambaye kazi yake ndiyo iliyoukata mkono ule?

Leo sheria ina jibu la swali hilo, na jibu lenyewe huitwa fidia. Lakini usidhani kwamba jibu hilo lilipatikana kwa siku moja. Lilichukua miaka mingi, na lililipiwa kwa viungo na maisha ya watu wengi. Nataka tuifuate historia yake pamoja, kwa maana wewe nawe kesho utakuwa mfanyakazi, au utakuwa mwajiri, na katika hali zote mbili itakufaa kuijua.

Tuanze hapa petu. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea ziwa kubwa la Victoria. Kwa kazi hiyo waliwaleta makuli kutoka Bara Hindi, ambao walifunga mkataba wa miaka 3 kwa mshahara wa rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho. Kila mtoto wa shule amepata kusikia habari za simba wa Tsavo waliowala makuli mwaka 1898, na pengine umedhani kwamba simba hao ndio waliokuwa adui mkubwa wa kazi ile. Sivyo hata kidogo. Adui wakubwa walikuwa homa, kuhara, vidonda na ajali za kazi yenyewe, ambazo hazikuandikiwa hadithi. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, hesabu ilikuwa hivi: makuli walioletwa walikuwa 31,983, waliokufa walikuwa 2,493, na waliorudishwa makwao kwa ugonjwa au ulemavu walikuwa 6,454. Yaani, katika kila makuli watano waliovuka bahari, mmoja alirudi kwao akiwa hawezi tena kufanya kazi ile aliyoijia.

Itafakari hesabu hiyo, msomaji. Watu 6,454 walipanda jahazi na meli wakiwa na nguvu, wakateremka wakiwa mzigo kwa jamaa zao. Mbona katika siku zile jambo hilo halikuonekana kuwa deni la mwenye kazi? Ili tulijue jambo hilo, yatupasa kwenda Uingereza, kwa maana huko ndiko zilikotoka fikira za watawala wetu wa zamani juu ya bwana na mtumishi wake.

Palikuwa na kijana mmoja jina lake Charles Priestley, mtumishi wa mwuza nyama aliyeitwa Thomas Fowler. Siku moja kijana huyu alitumwa kupeleka nyama kwa gari la farasi. Gari lilikuwa limeshindiliwa mzigo kupita kiasi. Likavunjika njiani, na kijana akaanguka akavunjika paja. Kesi ikaletwa juu ya bwana wake, na wazee wa baraza waliosikiliza shauri wakaona kwamba alipwe pauni 100. Lakini bwana akakata rufani, na mwaka 1837 majaji wakiongozwa na Lord Abinger waliitangua hukumu ile. Walisema kwamba, ikiwa mtumishi ataruhusiwa kumshitaki bwana wake kwa jambo kama hili, basi mashitaka hayatakuwa na mwisho: kesho atamshitaki kwa sababu kijakazi amemtandikia kitanda chenye unyevu, na kesho kutwa kwa sababu mpishi hakusafisha vyombo. Tena walisema kwamba mtumishi halazimiki kujitia hatarini. Akiona hatari, na aikatae kazi.

Maneno hayo yanasikika kuwa ya busara mpaka uyapime kwa tumbo la mwenye njaa. Mtu asiye na shamba wala akiba, ambaye akikataa kazi leo watoto watalala bila kula, ana uhuru gani wa kukataa? Hata hivyo, kutokana na hukumu ile na nyingine zilizoifuata, mahakama zilijenga kuta tatu kati ya mfanyakazi na haki yake. Ukuta wa kwanza: ikiwa aliyekosa ni mfanyakazi mwenzako, huwezi kumdai bwana. Wa pili: ikiwa ulijua kwamba kazi ina hatari, basi uliikubali hatari hiyo. Wa tatu: ikiwa wewe mwenyewe ulizembea hata kidogo, hupati kitu. Katika mgodi au kiwandani penye mamia ya watu na mashine, ni ajali gani isiyoweza kutiwa nyuma ya mojawapo ya kuta hizo? Ndivyo mnyonge alivyokosa haki, si kwa kuwa sheria haikuwapo, bali kwa kuwa sheria ilikuwapo na ilikaa upande wa pili.

Tazama sasa mahali kosa la fikira lilipokuwa. Mahakama ziliuliza, "Ni nani aliyekosa?" Lakini mashine haina kosa. Mshipi unaozunguka hukatika. Mvuke hupasua pipa. Mtu aliyesimama saa 12 huchoka, macho yakafumba kwa nukta moja. Aliye na busara huona kwamba swali lifaalo ni jingine: "Ni nani aliyeumia, na aliumia katika kazi ya nani?"

Aliyelitia swali hili jipya katika sheria ya nchi nzima hakuwa mpole wala rafiki wa wafanyakazi. Alikuwa Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani. Yeye aliwaogopa wafuasi wa ujamaa waliokuwa wakizidi nguvu viwandani, akaona kwamba njia mojawapo ya kuwapunguzia wafuasi ni kumpa mfanyakazi sababu ya kuitegemea serikali. Kwa hiyo mwaka 1884 Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali. Wenye viwanda walilazimishwa kujiunga katika vyama vyao na kuchanga fedha. Na mfanyakazi aliyeumia asiweze tena kufanya kazi alilipwa hata theluthi mbili za mshahara wake, pasipo kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Hivyo jambo la haki lilitendwa kwa sababu za hila. Historia ina mambo mengi ya namna hiyo, nawe usishangae.

Uingereza ilifuata mwaka 1897, kwa juhudi za Joseph Chamberlain. Sheria yake ilimpa mfanyakazi aliyeumia nusu ya mshahara wake, isipite pauni 1 kwa juma, na aliyekufa familia yake ililipwa. Mwanzoni sheria hiyo iliwahusu watu wa reli, migodi, viwanda na kazi nyingine za hatari; mwaka 1906 ilipanuliwa ikawafikia wafanyakazi wengi zaidi, na magonjwa fulani yatokanayo na kazi yakatiwa ndani yake. Hoja iliyoshinda ilikuwa nyepesi kufahamika. Tajiri, mashine yake ikivunjika, huitengeneza, na gharama huitia katika bei ya bidhaa zake. Basi mwili wa mfanyakazi ukivunjika katika kazi ile ile, kwa nini gharama imwangukie mkewe na wanawe?

Huko Marekani mambo yalikuwa magumu zaidi. Jimbo la New York lilitunga sheria ya fidia mwaka 1910, lakini tarehe 24 Machi 1911 mahakama kubwa ya jimbo iliibatilisha, ikisema kwamba kumlipisha mtu asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Siku iliyofuata, tarehe 25 Machi, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa kigeni waliokuja kutafuta maisha. Hukumu na moto, siku moja tu kati yake! Watu wa jimbo hilo waliibadili katiba yao mwaka 1913, ili sheria ya fidia isiweze kubatilishwa tena.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya fidia iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza, na baada ya uhuru sheria hiyo iliendelea kutumika kwa miaka mingi. Chini yake mfanyakazi aliyeumia alikuwa na njia mbili: adai fidia iliyopangwa, au aende mahakamani kumshitaki mwajiri kwa uzembe, akitumaini kupata zaidi. Mwaka 2007 Bunge lilitunga sheria mpya ya mafao ya majeraha ya kazini, nayo iliifunga njia ile ya pili. Chama cha mawakili kiliipinga sheria hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu zake kadhaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizirudisha nyingi kati ya hizo, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Ulikuwa mshindano wa miaka kumi, na kiini chake ni methali moja unayoijua: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mfanyakazi amepoteza nafasi ya kumi, yaani malipo makubwa ya mahakama ambayo huenda yasije. Amepewa kenda, yaani malipo ya hakika yasiyohitaji kuthibitisha kosa. Mabadilishano hayo ni ya haki? Wapo wenye busara wanaosema ndiyo, na wapo wenye busara wanaosema siyo. Nawe litafakari mwenyewe.

Lakini lolote utakalolisema, yakupasa ujue kenda hiyo ni kitu gani. Kwa sheria hii kila mwajiri hupaswa kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, nao ni pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Mfanyakazi aliyeumia katika kazi yake hugharimiwa matibabu na mwajiri. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa kwa kadiri ya mshahara wake kwa muda usiopita miezi 12. Akibaki na ulemavu wa daima, daktari hupima ulemavu huo kwa asilimia, na hesabu hufanywa kwa mshahara wa miezi 96. Tuseme kibarua apata shilingi 20,000 kwa mwezi, na ulemavu wake umepimwa kuwa asilimia 10. Mshahara wa miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Fidia yake ni shilingi 192,000. Akifa, wale waliomtegemea ndio wenye haki ya kulipwa.

Hapo ndipo wengi hupotea, si kwa kukosa haki bali kwa kukosa habari. Aliyeumia hana budi kumwarifu mwajiri wake mapema, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri naye hupaswa kumpelekea habari Mkurugenzi wa serikali anayehusika ndani ya siku 7. Na dai lenyewe liletwe kabla ya miezi 12 kupita. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anaweza kuupinga ndani ya siku 60, na asiporidhika tena, mlango wa mahakama ya mambo ya kazi uko wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari; na jeraha lisiloandikwa hupona kovu likabaki, lakini haki yake hupotea. Kwa hiyo baba yako au dada yako akiumia kazini, naye hakupata elimu uliyoipata, wewe ndiwe mwandishi wake. Andika tarehe, saa, mahali, na majina ya waliokuwapo. Kitunze cheti cha daktari. Kazi hiyo ni ndogo kwa mtu ajuaye kusoma, lakini yaweza kuwa ada ya shule ya watoto wote wa nyumba moja.

Tuliuliza mwanzoni: mkono wa kibarua una bei gani? Ukweli ni kwamba hauna bei. Hapana hesabu ya miezi 96 inayoweza kumrudishia seremala kidole gumba chake, wala mama aliyefiwa na mwanawe. Sheria haikukusudia kuununua mkono. Ilikusudia tu kwamba aliyeupoteza asiongezewe njaa juu ya maumivu, na kwamba anyooshe ule uliobaki kupokea haki yake, si kuomba sadaka. Basi utakapomwona tena yule mtu asemaye, "Ni mashine," msalimu kwa heshima yake, kisha umwulize swali la pili, ambalo pengine hakuna aliyepata kumwuliza: "Je, mzee wangu, ulilipwa?"