Kutoka Pima hadi Mita za Ujazo: Maji na Vipimo Vyake katika Kiswahili

Kabla ya mabwawa makubwa kujengwa Afrika Mashariki, Mswahili aliyapima maji kwa mwili wake. Urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa uliitwa pima, jina lenye mzizi mmoja na kitenzi kupima. Pima moja ilikuwa na dhiraa nne, na kila dhiraa ilikuwa na shibiri mbili. Nahodha alipotia bildi, alihesabu kina kwa pima. Mvuka mto naye alisema maji ni ya magoti, ya kiuno au ya kifua. Nyumbani, chombo ndicho kilichokuwa kipimo: mtungi, na baadaye debe la galoni nne, linalochukua takriban lita 18.

Dhiraa, neno lenye asili ya Kiarabu, lina historia ndefu katika upimaji wa mito. Mwaka 861, katika kisiwa cha Roda mjini Cairo, kilijengwa kipimo cha mafuriko ya Nile chenye nguzo iliyotiwa alama za dhiraa. Kwa kutazama kimo cha maji tu, watawala walikadiria mavuno na kodi.

Bwawa, hata hivyo, halitosheki na kimo. Linahitaji dhana tatu: usawa wa maji, ujazo na mtiririko. Hapa ndipo lugha inapojaribiwa. Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 katika mto Ruaha Mkuu, hujaa maji yanapofika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Anayesema "kina cha Mtera ni mita 690" amelifanya bwawa kuwa shimo lisilo na mfano duniani. Kwa hakika, kati ya shibe na njaa ya bwawa hilo pana mita 8.5 tu.

Mtiririko nao huingiza wakati ndani ya kipimo. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ni kama madebe 55 kila sekunde, na kwa siku moja ni mita za ujazo 86,400. Anayeandika "mita za ujazo" na kusahau "kwa sekunde" amegeuza mto kuwa pipa.

Kosa hili si la sarufi peke yake. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya Nile kwa ujazo, bilioni 55.5 na bilioni 18.5 za mita za ujazo kwa mwaka, bila nchi za mwanzo wa mto kushirikishwa. Haki ya maji huandikwa kwa vipimo. Umma usiokuwa na maneno thabiti ya vipimo hivyo katika lugha yake hauwezi kuihoji hesabu iliyoandikwa kwa niaba yake.