Likizo ya Juni: Mambo mepesi ya mzazi na mtoto katika misitu ya Olmotonyi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Shule zinapofungwa Juni, wazazi wengi wa mijini hujiuliza watoto wafanye nini hadi zifunguliwe. Wapo wanaojaza siku hizo masomo ya ziada, na wapo wanaowaachia runinga na simu.

Hata hivyo, likizo ndiyo fursa ya pekee kwa mzazi na mwanawe kufahamiana upya, na haihitaji fedha nyingi. Kwa wakazi wa Arusha, mfano mzuri ni Olmotonyi, eneo lililo kwenye miteremko ya Mlima Meru, jirani na Ngaramtoni, njia ya Namanga. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Misitu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina msitu wake wa mafunzo.

Jina lenyewe ni somo la kwanza. Kwa Kimaasai, olmotonyi ni ndege mkubwa wa jamii ya tai. Mwulize mtoto: kwa nini mahali paitwe kwa jina la ndege? Kisha tazameni juu pamoja.

Matembezi ya miti

Kwanza ombeni ruhusa kwa uongozi wa msitu husika, kwa kuwa haya ni mashamba ya miti yenye wenyewe. Mkiwa ndani, mtoto aokote majani yaliyoanguka na kuyapanga kwa aina.

Majani ya msindano hutoka kwa vifungu. Ayahesabu, mara nyingi atapata matatu kwa kila kifungu. Jani la mkaratusi likisuguliwa hutoa harufu kali. Aelezwe pia kwamba miti hiyo ni migeni: msindano huo asili yake ni Mexico, mkaratusi na mgrivea ni ya Australia. Mwerezi, kwa upande wake, ni mwenyeji wa milima yetu.

Bustani ya kopo

Chukueni kokwa la parachichi, mlizike nusu katika udongo ndani ya kopo lililotobolewa chini, upande mpana ukielekea chini. Mtoto amwagilie bila kulowanisha mno. Chipukizi huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo anapojifunza subira. Mche ukitunzwa vema, unaweza kuhamishiwa shambani wakati wa mvua za vuli, karibu na likizo ya Desemba.

Michezo na jikoni

Bao halihitaji ubao. Mashimo ardhini na kokoto hutosha. Wafundisheni pia rede na kombolela, michezo ambayo wazazi wengi waliicheza na watoto wa leo hawaifahamu.

Jioni, baridi ya kipupwe ikizidi, pikeni pamoja loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando kinachopendwa na Waarusha na Wameru. Kama bibi au babu yupo, yeye ndiye awe mwalimu. Mtoto anayejua Kiswahili na Kiingereza pekee atasikia majina ya vitu katika lugha ya ukoo wake, na pengine hatakuwa na nafasi nyingine.

Siku ya mjini

Mvua ikinyesha, nendeni Makumbusho ya Elimu Viumbe, katika Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900. Yapo pia Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio lenyewe kutangazwa.

Tahadhari

Mzazi azingatie haya: sweta na viatu vya kufunika miguu, maji ya kunywa, na kurejea kabla ya giza. Mtoto asionje tunda wala uyoga asioujua, na asikanyage msafara wa siafu. Msipande kuelekea msitu wa asili wa juu bila mwongozaji, kwani huko kuna nyati.

Zaidi ya yote, msiwashe moto. Majani makavu ya msindano hushika haraka, na misitu ya Meru ndiyo inayolinda chemchemi zinazowapatia maji wakazi wa Arusha. Mtoto aliyeelezwa hilo akiwa chini ya miti hiyo, huku ameshikwa mkono na mzazi wake, ataukumbuka msitu huo hata akiwa mtu mzima.